Minde, Kimeta na Kichuguu cha Lukresia

"Udongo wangu umezaa nusu ya Songea, na haujaua hata mtu mmoja. Mwenye maiti ailete hapa."

Lukresia aliyasema hayo kwenye kipaza sauti cha chama, Agosti 1995, mbele ya watu wasiopungua mia tatu pale Lizaboni. Mkutano wa kampeni haukuwa wake. Mgombea udiwani mmoja, aliyevaa koti la mtumba ambalo mikono yake ilimfika kwenye kucha, alikuwa ameahidi kuwaondoa sokoni wauzaji wa "vitu vya ajabu vinavyohatarisha afya ya mama na mtoto," halafu akaona demokrasia itanoga zaidi akiruhusu maswali. Lukresia hakuuliza swali. Alipanda jukwaani, akampokonya kijana wa mitambo kipaza sauti, akasema yake, akashuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mgombea naye akapiga makofi, maana aliangalia waliokuwa wakishangilia akaona wengi wao ni wajawazito, na kila mmoja ana kura.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Kwa miaka kumi na tisa alifagia ghala la tumbaku la ushirika. Mwaka 1993 wakapunguza wafanyakazi, akapewa barua yenye mhuri na blanketi moja. Wakati huo redio ilikuwa inamwambia kila mtu afanye biashara, ila haikusema biashara ya nini. Wenzake wengine walifungua vibanda vya nguo, wengine walirudi kulima mahindi. Lukresia alitazama nyuma ya nyumba yake Matogoro, pale shamba linapoishia na msitu wa kilima unapoanza, akaona kichuguu kilichomzidi kimo.

Alichimba ubavu mmoja tu, akiwaachia mchwa ubavu wa pili waendelee kujenga. "Wale ni mafundi wangu," alikuwa anasema, "na hawadai posho." Udongo aliupepeta, akaukanda kwa maji, akauviringisha vijiti vya kutafunwa na wajawazito, vya urefu wa kidole, akavianika juu ya bati siku mbili, kisha akavifukiza kwa moshi jikoni. Vilinukia mvua ya kwanza. Mwanaisha, mke wa mfanyabiashara wa korosho aliyehamia mjini kutoka Tunduru, alinunua vya wiki nzima na kuvificha kwenye mkoba ili mumewe asidhani chakula cha nyumbani hakimtoshi. Lakini mlaji mkubwa alikuwa Hilda, binti pekee wa Lukresia, mwenye mimba ya kwanza. Huyo alikula bure, mchana kutwa. Mumewe Leonce alikuwa Tunduru kwenye machimbo ya vito tangu Machi. Alikuwa ameandika barua moja: anakaribia kuwa tajiri, watume nauli.

Kulikuwa na mwingine aliyekula bure, na huyo alikuwa na miguu minne.

Lukresia alimwona mara ya kwanza alfajiri moja ya Julai. Mnyama mweusi, mnene kama ndama, alikuwa amesimama penye shimo analamba udongo. Hakukimbia. Alimaliza kulamba, akageuka, akaingia msituni bila kuvunja hata kijiti. Alirudi tena, na tena. Lukresia akamweleza Egidi, jirani yake, mzee aliyestaafu uaskari wa wanyamapori.

"Ana kishungi chekundu kichwani?" Egidi aliuliza.

"Kama bibi harusi aliyepakwa hina vibaya."

"Pembe fupi, zimelala nyuma?"

"Huyohuyo. Analamba utadhani ana mimba."

Egidi aliangalia nyuma yake kwanza, ingawa walikuwa wawili tu shambani. "Mama Hilda, huyo ni minde, paa wa msituni. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja, nimemwona mara mbili, na mara moja alikuwa ngozi tu. Wamebaki wachache duniani. Usimwambie mtu. Watoto wa hapa watamla, halafu serikali itatula sisi."

Wakanyamaza. Lukresia aliacha hata kumfunga kamba mbwa wake karibu na kichuguu. Mjini alikuwa anatukana madiwani, lakini alfajiri alikaa kimya jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo, akimwangalia mgeni wake anakula.

Jumapili ya pili ya Septemba, watu wakiwa kanisani, alimkuta amelala penye shimo, tumbo limevimba, miguu imenyooka. Puani ilikuwa imetoka damu nyeusi. Jua lilikuwa limeshapanda na nzi walikuwa wengi, lakini damu ilikuwa bado majimaji. Haikuganda. Lukresia aliliona hilo, akalipita. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: mnyama wa serikali amefia shambani kwake.

Alimwita Egidi, na Egidi alipofika alichungulia barabarani kwanza. "Nani ataamini kwamba hatukumuua? Mimi najua mitego yote. Mimi ndiye wa kwanza kufungwa. Nitazeekea jela."

"Umeshazeeka," Lukresia alimwambia. "Shika miguu."

Septemba ardhi ya Matogoro ni ngumu kama sakafu ya ghala. Jembe lilidunda kila walipojaribu. Mahali palipokuwa laini palikuwa pamoja tu, lile shimo ambalo Lukresia alikuwa amelichimba kwa miaka miwili. Wakamburuta kwa mikono mitupu, wakamwingiza humo, wakamfukia kwa udongo uleule, wakarudishia majani juu. Misa ilipotoka, Lukresia alikuwa ameshanawa na kuvaa kitenge, anamuuliza Hilda mahubiri yalihusu nini.

Jumatatu akaendelea kuchimba, hatua tatu upande wa kushoto. Hatua tatu. Baadaye tulizipima.

Mimi nilikuwa nyumbani tangu Mei. Chuo cha mifugo kilikuwa kimeanza kudai wanafunzi wachangie gharama, baba akauliza kama na ng'ombe wanachangia, nikarudi Matogoro na nusu ya stashahada. Nusu hiyo ndiyo iliyonifanya kuwa mtu wa hatari mtaani. Majina ya magonjwa nilikuwa nayo yote. Tiba zilikuwa za mwaka wa pili.

Siku ya kumi baada ya maziko ya minde, ambayo mimi sikuyajua, nilipita kwa Lukresia. Nilikwenda kutafuta maharage ya bure, sina sababu ya kudanganya. Alikuwa uani anaviringisha vijiti, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nusu daktari. Sufuria iko jikoni, usijifanye umekuja kunijulia hali."

"Mkono una nini?"

"Mbu."

"Mbu gani anafungwa bandeji?"

Akafungua ili aniumbue. Juu kidogo ya kifundo cha mkono palikuwa na kidonda cha mviringo. Kingo zake zimevimba, zimezungukwa na malengelenge madogo, na katikati ni cheusi tititi, kama mtu amebandika kipande cha mkaa.

"Kinauma?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana sijaenda hospitali. Kwenda kupanga foleni kwa kitu kisichouma?"

Laiti angesema kinauma. Kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza, ukurasa ambao wote tuliufunika kwa mkono wakati wa kula, kulikuwa na picha ya kidonda hicho na chini yake maneno mawili: cheusi, hakiumi.

"Mama, umechuna nini siku hizi?"

"Sijachuna kitu."

"Umegusa mzoga?"

Mikono yake ikasimama juu ya udongo. Tulisikia sauti kutoka mlangoni: kru, kru, kru. Hilda alikuwa ameegemea mwimo, mkono mmoja kiunoni, anatafuna kijiti.

"Kiteme," Lukresia alisema.

"Nini tena, mama?"

"Nimesema kiteme!"

Alifoka mpaka mbwa akakimbia. Halafu akanieleza yote, kwa sauti ya chini sana, huku akimchokonoa mwanawe mdomoni kwa kidole kama mtoto aliyemeza kifungo.

Nilimwambia neno kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua na watu. Nikamweleza nilichokuwa nakijua, na afadhali ningejua kidogo zaidi au nisingejua kabisa. Ukimweka minde upande mmoja na kijidudu cha kimeta upande mwingine, vyote viwili havionekani. Minde haonekani kwa sababu wamebaki wachache, kijidudu hakionekani kwa udogo. Minde anataka kivuli, anataka maji, anataka msitu usiokatwa na watu wasiopiga kelele. Anazaa mtoto mmoja, na huyo mmoja akinaswa, ukoo umepungua. Kijidudu hakitaki chochote. Kikikosa chakula kinajivika ganda na kulala udongoni, miaka arobaini ikibidi, jua likawaka, mvua ikanyesha, moto ukapita juu, chenyewe kimelala tu kinasubiri ulimi. Mmoja amewekewa sheria, askari na jela ili asiishe. Kingine hakijawekewa mlinzi, na hakimaliziki. Lukresia na Egidi walikuwa wamemwogopa yule anayekwisha, kwa hiyo wakakizika kile kisichokwisha katikati ya chakula cha wajawazito.

"Lakini mimi nafukiza," Lukresia alisema. "Moshi siku nzima."

"Moshi hauui."

"Umejuaje? Si uliishia nusu?"

"Hiyo ilikuwa kwenye nusu niliyosoma."

Jioni ile alikwenda nyumba kwa nyumba, mkono ndani ya kanga, akiwaomba wanawake wamrudishie vijiti. Alisema tu kwamba paka alikojolea udongo. Mwanaisha alirudisha vinne, akaapa wallahi ndivyo vilivyobaki, huku mdomo wake ukiwa na vumbi. Njiani tulihesabu wateja wa siku kumi zile. Tulipofika kumi na saba Lukresia alisema nyamaza.

Kesho yake asubuhi Hilda aliamka anatetemeka. Mwili ulikuwa wa moto, tumbo linamkata, alitapika mara mbili. Lukresia aliyachokora matapishi yale kwa kijiti cha mti, akitafuta damu. Aliona wekundu, tukabishana kama ni damu au ni udongo. Udongo wa kichuguu kile ulikuwa mwekundu.

Egidi alitukuta barabarani tunamkokota Hilda kuelekea hospitali. Alikuwa amesikia, na alikuwa anatembea pembeni yetu kama anayeomba nauli.

"Mama Hilda, nisikilize. Sema mbuzi. Mbuzi na minde ugonjwa ni mmoja, dawa ni moja, si kweli kijana?"

"Dawa ni moja," nilisema.

"Umeona? Sema ulimgusa mbuzi aliyekufa. Watu wanapona, na hakuna anayefungwa. Nina miaka sabini, mama. Usinitaje."

Lukresia aliendelea kutembea. Lakini tulipofika mbele ya daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya kutolala, na daktari akafungua kitambaa na kusogeza kiti chake nyuma kidogo, Lukresia alisema: "Niligusa mbuzi aliyekufa."

Daktari aliandika. "Nyama yake ilikwenda wapi?"

"Tulimfukia."

"Vizuri sana. Wengi wangemla. Wewe utachomwa penisilini kuanzia sasa, na hicho kidonda usikikamue." Akamgeukia Hilda aliyejikunja kwenye benchi. "Binti naye alimgusa?"

"Hapana."

"Alikula?"

"Hapana. Lakini naye mchome, daktari."

"Nimchome ya nini? Hakugusa, hakula. Homa, kutapika, kutetemeka, mjamzito. Hii ni malaria, mama, wodi imejaa. Nitampa vidonge, arudi nyumbani akalale. Penisilini iliyobaki ni ya kuhesabu, siwezi kugawa kama peremende."

Alikuwa ameshaanza kuandika vidonge. Nilimwona Lukresia anaangalia ile kalamu. Egidi alikuwa dirishani, nje, kofia mkononi, midomo inatembea bila sauti. Nikaelewa uongo ule ulivyokuwa umekatwa: ulimtosha mama, ulimtosha Egidi, na ulimwacha Hilda nje.

"Hakuwa mbuzi," Lukresia alisema.

Kalamu ikasimama.

"Alikuwa minde. Tulimzika kwenye shimo ninalochimba udongo wa kula. Binti yangu ameula siku kumi, asubuhi, mchana na jioni. Na wenzake kumi na saba. Majina ninayo. Andika na langu kwanza, na uandike kwamba mzee Egidi nilimlazimisha."

Dirishani kofia ilianguka.

Daktari hakuuliza habari ya jela. Aliita muuguzi kwa sauti iliyopanda, Hilda akalazwa peke yake chumba cha mwisho, na sindano zikaanza. Damu yake ilipopimwa ilionyesha malaria kweli. "Inaweza kuwa malaria tu," daktari alisema. "Inaweza kuwa vyote viwili. Sitaki kusubiri nijue." Siku ya pili na ya tatu Hilda hakumtambua mtu. Lukresia alikaa sakafuni mlangoni, mkono wake umefungwa, na kila muuguzi alipotoka alimuuliza swali moja, kama mtoto bado anacheza tumboni. Sindano zake mwenyewe alichomwa palepale, bila kumtazama anayemchoma.

Wanawake kumi na saba waliletwa. Walipita mbele yake mmoja mmoja kuelekea kwenye foleni, na hakuna aliyemtukana. Mwanaisha alisimama. "Mama Hilda, uliniambia ni paka, nikala tu. Ungeniambia kweli, ningetapika palepale." Akaendelea na safari yake. Nadhani Lukresia angependelea kutukanwa.

Siku ya nne maofisa walikuja kichuguuni. Wa wanyamapori alitaka shimo lifukuliwe: kama ni minde kweli, basi hakuna aliyewahi kumwandika katika kilima hiki, na angalau fuvu lipatikane. Wa mifugo alisimama juu ya shimo, miguu imetanuka, akasema atakayetia jembe hapa atamzika yeye pia. Mmoja alitaka pafunguliwe kwa sababu kilichomo ni adimu, mwingine alitaka pasifunguliwe milele kwa sababu kilichomo kitakuwa kingi. Walibishana mpaka ikajulikana kwamba wamekuja na gari moja, na mafuta ya gari yamechangwa. Wakaondoka pamoja. Shimo halikufunguliwa. Egidi alikaa mwaka mzima na mfuko wake tayari nyuma ya mlango, blanketi na kopo la ugoro, akisubiri kuitwa. Hakuitwa, wala Lukresia hakuitwa.

Sampuli ya kidonda ilipelekwa maabara ya mbali. Majibu hayajarudi mpaka leo.

Hilda alipata fahamu siku ya tano. Alijifungua Desemba mtoto wa kike, akamwita Kunegunda, jina la mama aliyemzaa Lukresia. Wale kumi na saba nao walijifungua, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mara kengele ya kanisa ilipolia siku isiyo ya misa Lukresia alitoka nje kuuliza ni nani amekufa.

Ungedhani angepumua. Lakini kabla hatujaondoka hospitali daktari alikuwa ameuliza kitu, kwa upole, kama anajiuliza mwenyewe: "Na huyo mnyama, ugonjwa aliupata wapi?"

Mimi nilijua, na Lukresia alijua kwamba najua. Mnyama anayekula majani ya msituni anaupata pale anapoweka ulimi kwenye udongo. Huenda kimeta hakikuletwa na minde pale kichuguuni. Huenda kilikuwepo kabla yake, kabla ya ushirika, kimelala, na yeye akawa wa kwanza kukiamsha. Kama ni hivyo, hakuna tena udongo wa kabla na udongo wa baada.

Jambo hili lilimkaa Lukresia kichwani bila kelele. Vijiti alivichoma. Biashara ikafa. Kichuguu alikizungushia miiba, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatembea shambani kwake akiwa amevaa viatu. Kisha, mwezi wa Februari, aliingia jikoni akakuta alama za kucha ukutani, karibu na figa, mistari minne imechimbwa, vumbi jekundu sakafuni. Hilda alikuwa ananyonyesha, na hamu ya udongo haikuwa imemtoka.

Ukuta ule Lukresia aliukandika mwenyewe, mwaka 1994, kwa udongo wa kichuguu. Si jikoni peke yake. Chumba cha kulala. Sebule. Chini ya dirisha la mtoto.

"Ni wa zamani, mama," nilimwambia. "Kabla ya minde."

"Minde aliupata wapi?" aliniuliza.



Hakuwa na pesa ya kubomoa na kujenga kwa matofali. Akaanza kupaka chokaa. Alipaka jikoni, akapaka chumbani, mara mbili, mara tatu, usoni amejifunga kitambaa. Nilimwambia chokaa haikiui, inakifunika tu. Akasema basi na kifunikwe. Kila ilipobanduka kidogo alipaka tena. Agosti 1996 Kunegunda alikuwa na miezi minane na ameanza kutambaa, na kama watoto wote alikuwa anaelekea ukutani, anasimama kwa kuushika, na anaweka mdomo. Lukresia alikuwa akimtoa, anamfuta ulimi kwa ncha ya kanga, anaukagua ule mkono wake mdogo kama una doa. Mtoto anacheka, anarudi palepale.

Wiki hiyo nilikwenda naye mjini kununua chokaa nyingine. Mfuko mmoja ulikuwa shilingi elfu mbili na mia nne; akalipa, akamuuliza muuzaji kama mwezi ujao bei itakuwa ileile.